Redio ya Baba na Maji ya Majivu

Wajukuu wangu wakitupa mawe ya redio ovyo uani, ninapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Mawe, ndivyo sisi watu wa Uvira tunavyoita betri. Wananicheka, wanasema mzee amekasirikia takataka. Basi na wacheke. Hasira zangu ziko karibu tangu utoto, mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Lakini hapa hasira si yote. Wakati wa uasi, mawe manne mazima yangeifanya redio yetu iseme kwa sauti, na kila mtu nyumbani angejisikilizia mwenyewe. Hatukuwa nayo. Nikasikiliza mimi peke yangu, kisha nikasema uongo, na uongo huo nimeubeba miaka mingi mno.

Baba alikuwa mekanisiyen, fundi wa injini, katika meli ya mizigo pale bandarini Kalundu. Alirudi nyumbani akinuka mazuti ya injini, ananawa kwa sabuni ya kufulia mara tatu, na harufu haitoki. Redio aliinunua mwaka wa uhuru. Ilikuwa ndogo, ndani ya mfuko wa ngozi wenye matundu upande wa sauti, na mama aliitarizia kitambaa cha kuifunika. Siku za uhuru watu walijaa uani kwetu kusikiliza hotuba. Wengine wanakumbuka maneno yaliyosemwa. Mimi namkumbuka mama akiwafokea watu wazima waliokanyaga mboga zake za lengalenga.

Nilikuwa mtoto wa kwanza, na mdogo wangu wa kiume alichelewa sana kuja. Kwa hiyo baba alinifundisha mimi, binti yake, yale ambayo wanaume wengine waliwawekea wana wao: kushika spana, kufungua redio bila kupoteza skrubu. Siku moja ya likizo alipanga glasi za chai mezani, akatia maji na chumvi. Katika kila glasi akasimamisha kipande cha bati upande mmoja na waya wa shaba upande mwingine, akaziunganisha moja na nyingine, bati la hii na shaba ya ile. Mwisho wake akagusisha kitaa cha tochi. Kikawa chekundu kidogo, kinasinzia.

"Jiwe la dukani ni hivi tu," alisema. "Huku zinki, kule kitu kingine, katikati maji makali. Wazungu wameyavalisha karatasi nzuri, basi."

Nilipiga makofi. Mama, aliyekuwa mlangoni, aliuliza: "Na munyu wangu nani atarudisha?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye baba ninayetaka mumjue.

Uhuru haukuwa mzee bado vita vilipotufikia. Wapiganaji walishuka kutoka milimani asubuhi moja, askari wa serikali wakaondoka, ofisi zikabaki milango wazi. Siku mbili kabla yake baba alikuwa amevuka na meli kwenda Bujumbura. Meli haikurudi. Kutoka kilimani juu ya kanisa letu, siku mvua ikiisha kunyesha, unaiona Bujumbura yote ng'ambo ya maji, nyumba nyeupe kwa nyeupe. Nilikuwa napanda pale kuangalia, na roho inaniuma kwa hasira. Mji ninauona, na sijui kama ndani yake baba yangu anapumua.

Jirani yetu alikuwa mfanyabiashara, Mwislamu, ambaye babu zake walikuja na biashara ya ziwani zamani. Duka lake tulilitazama likiisha. Kwanza chumvi, kisha sabuni, kisha viberiti. Mawe ya redio wapiganaji waliyachukua siku ya kwanza kwa ajili ya tochi zao. Redio zenyewe walikataza, maana kila aliyekuwa nayo waliona anazungumza na adui. Yetu mama aliificha ndani ya kikapu cha mihogo mikavu.

Chumvi ilipokwisha mama alirudia kazi ya bibi yake. Alikata matete ya mtoni, akayakausha pamoja na maganda ya ndizi, akayachoma. Majivu aliyatia katika chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi, akamimina maji juu, akakinga matone chini. Yalitoka ya rangi ya chai, makali, yanachoma ulimi. Kazi ya siku nzima inakupa maji yasiyojaa sufuria ndogo. Hayo ndiyo yalikuwa munyu wetu. Tone likianguka pembeni, mama anasonya. Nyumba yetu haikumwaga maji ya majivu hata kwa bahati mbaya.

Redio ya ng'ambo ilikuwa na desturi. Kila siku saa sita mchana, baada ya habari, walisoma kominike, matangazo ya watu wa upande wetu. Fulani yuko hai, yuko mahali fulani, anatafuta watu wake. Fulani amekufa. Kila kominike ilisomwa siku tatu mfululizo ili anayekosa leo apate kesho. Tulisikiliza tukiwa tumefunika redio kwa blanketi, mpaka mawe yakachoka. Tuliyaanika juani. Tuliyang'ata kwa meno. Mama aliyachemsha. Yakatupa siku moja, nusu siku, kisha kimya kabisa.

Mwezi wa tatu wa vita baba mkubwa akatufikia kutoka kijijini kwake Kiringye, kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa kaka yake baba, mkulima, na hakuwa mtu mbaya. Alikaa, akanywa maji, akasema alichokuja kusema.

"Shemeji, muntu akiwa muzima angetuma neno. Tukubali. Tukae matanga, tumulilie ndugu yangu, kisha weye na batoto mupande kwangu Kiringye. Bibi ya ndugu yangu hawezi kubaki peke yake mu vita."

"Minye siwezi kulilia muntu sijasikia amekufa," mama alisema.

"Utasikia kwa nani? Redio yako iko jiwe tu."

"Nitasikia."

Baba mkubwa alikunjua suruali yake, akasimama. "Nakupatia mpaka Jumapili ingine," alisema. "Nikikuja na hakuna neno, tunakaa matanga."

Alikuwa na wake wawili tayari. Mama hakunificha kitu. Alinikalisha jikoni akaniambia kwamba akilala matanga pale, atakwenda Kiringye akiwa mke wa tatu, na hatatoka tena. Akisikia kwamba baba yuko hai, hakuna wa kumzuia kumfuata mume wake. Na kama baba amekufa? Hapo aligeuza kuni.

"Ile mambo ya glasi," alisema baadaye. "Weye unaikumbuka?"

Niliikumbuka yote. Glasi zetu zilikuwa sita, zawadi ya harusi yao. Nikaongeza vibuyu viwili vidogo vilivyokatwa, zikawa nane, maana redio ilikula mawe manne na nilijua glasi yangu moja haina nguvu ya jiwe zima. Bati nilikata kwenye karai la zamani. Shaba nilitoa katika sanduku la baba, nyaya nene za meli zilizovikwa mpira. Chumvi hatukuwa nayo. Mama alileta sufuria yake ya maji ya majivu, akaiweka mbele yangu. Wiki ile tulikula mboga zisizo na ladha yoyote.

Ijumaa haikufanya kazi. Redio ilitoa "twa" moja, ikazimika. Nilibadilisha bati, nikasugua shaba kwa mchanga mpaka inang'aa. Twa. Nikakipiga kibuyu teke, kikagonga ukuta, na nashukuru hakikuwa na maji.

Jumamosi nilimkuta mama amezitupa nyaya nyingine motoni ili mpira uungue utoke haraka. Shaba ilikuwa imekuwa nyeusi ti. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi. Nilimwambia ameharibu kila kitu, kwamba hajui chochote, kwamba ya baba ilikuwa inang'aa. Muda wa kusugua tena sikuwa nao, nikazisokota zile nyeusi zikawa pete nene, nikazitumbukiza hivyo hivyo kwa hasira.

Redio ikapumua. Kwanza mchakacho, kisha sauti ya mtu, mbali sana, anaimba.

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Mwanangu aliyesoma shule kubwa alianza kunieleza habari ya kutu ya shaba na maji ya majivu, nikamwambia anyamaze. Mama yangu alifanya kwa moto wa kuni. Siku ile nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti kwenye majivu, na yeye akanigusa kichwa na kuniambia nizime haraka, nguvu isiishe kabla ya kesho.

Jumapili baba mkubwa alifika tukitoka misa. Alikuja na wanaume wawili na kitambaa cheusi, amekikunja vizuri chini ya kwapa. Mama alimweleza habari ya glasi. Alicheka kidogo kwa huruma, akakaa uani kwenye kiti, akasema basi, angoje hiyo saa sita.

Nilikaa chini chumbani nyuma ya pazia, glasi zimepangwa sakafuni. Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu mmoja tu angeweza kusikia, sikio likiwa limegandamana na matundu ya ngozi. Nilimwita mama. Akakataa.

"Sikiliza weye. Masikio yangu yanapiga ngoma."

Akasimama mlangoni na mdogo wangu mgongoni, akinitazama. Mtoto alikuwa mkubwa wa kubebwa, lakini siku ile alimbeba.

Habari zikaisha. Kominike zikaanza. Wanne walikuwa hai, nakumbuka, mmoja wao ni mwalimu. Kisha msomaji akageuza karatasi. Nilisikia karatasi yenyewe. Akasema wafanyakazi wa meli wanatangaza kwa masikitiko kifo cha mwenzao, mekanisiyen, mwenyeji wa Uvira. Akataja jina la baba, na la baba yake. Amekufa kwa homa ya siku chache, amezikwa Bujumbura, kaburi lake liko karibu na ukuta upande wa mto. Mke wake na watoto wake walioko Uvira wajulishwe.

Nilijulishwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Sikulia. Ninataka kueleza kwa nini, na siwezi vizuri. Kile kitambaa cheusi nilikiona kupitia pembe ya pazia, juu ya magoti ya baba mkubwa. Nilimwona mama akiwa mlangoni. Nikaona njia ya Kiringye, na mama akiwa mwisho wake, analima shamba la wake wenzake. Kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Yuko hai," nikasema. "Iko Bujumbura. Anatutafuta. Anasema tumufuate."

Halafu nikakumbuka kwamba kesho watasoma tena, na kesho kutwa. Kesho mama angeshika redio yeye mwenyewe, au baba mkubwa angetaka kusikia sauti ya habari njema kwa sikio lake. Nikachukua glasi ya kwanza nikaimwaga nje ya dirisha. Nikamwaga ya pili. Zote nane, moja baada ya nyingine, mpaka udongo chini ya dirisha ukalowa. Baba mkubwa aliniona, akafikiri ni usafi wa mtoto wa kike baada ya kazi.

Mama alipiga kigelegele. Kimoja, kikali, mpaka jirani akatoka nje. Baba mkubwa alikificha kile kitambaa ndani ya shati, akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa furaha, mzee mzima na mabega yake mapana. Sijawahi kujichukia kama dakika ile. Alikuwa analia juu ya ndugu yake mzima, na ndugu yake yuko chini ya udongo karibu na ukuta upande wa mto.

Yeye ndiye aliyetutafutia mtumbwi. Jumatano asubuhi, wavuvi walipokwisha kushusha ndagala zao, alitusindikiza mpaka majini. Alileta kifuko cha mchele.

"Mupe ndugu yangu," aliniambia mimi, si mama. "Mwambie ni wa Luberizi, wa lile shamba tulilima sisi wawili. Ataujua kwa harufu."

Nikaupokea. Nilisema "aksanti, baba mkubwa", na sauti yangu ilitoka sawasawa.

Safari nzima mama alikuwa mchangamfu. Alivaa kitenge alichopenda baba. Alimwambia mdogo wangu, "Tunaenda kwa papa, utamuona papa," na mtoto akaimba wimbo wa papa mpaka mwenye mtumbwi akamwomba apumzike. Kila neno lilinichoma. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, na mara mbili nikaona nyuma yetu pwani ya Uvira bado iko karibu mno. Nikajiambia nitasema tukifika. Tulipofika nikajiambia nitasema tukishakula.

Dada yake yule jirani mwenye duka alikuwa akikaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura. Alitupokea vizuri, Mungu amlipe. Alitupa maji ya kuoga, na alipojua tumekaa miezi bila chumvi, alileta bakuli zima la chumvi nyeupe, akaliweka katikati ya mkeka kama tunavyowawekea wageni maua. Mdogo wangu alichovya kidole, akalamba, akachovya tena. Mimi pia. Sikuweza kujizuia, machozi yalinitoka kwa utamu ule.

Mama akatoa kile kifuko cha mchele wa baba mkubwa, akampa mwenyeji.

"Dada, utupikie huu. Lakini yangu pika mbali. Usitie munyu."

"Usione haya," mwenyeji alisema. "Chumvi huku iko tele."

"Najua. Yangu usitie."

Mkono wangu ulibaki ndani ya bakuli. Kwetu mjane halambi chumvi mpaka matanga yaishe. Nilimwona nyanya, mama yake mama, akila hivyo nilipokuwa mdogo, na mama ndiye aliyempikia.

Mwenyeji alikwenda jikoni na mdogo wangu akamfuata. Mama alisubiri mpaka pazia likatulia. Kisha akanigeukia, na uchangamfu wote wa safari ulikuwa umemtoka usoni.

"Walisema wamemuzika wapi?"

Nilimuuliza amejua lini.

"Ulipomwaga ile maji," alisema. "Maji ya siku tano. Mutoto wa jikoni yangu, mwenye kungoja kesho asikie tena baba yake, anamwaga maji ya majivu? Ungeyafunika. Ungelala karibu yake."

"Na kigelegele, mama?"

"Shemeji alikuwa ananiangalia."

Hapo nikalia. Nililia kwa ajili ya baba, ambaye sikuwa nimemlilia hata tone, na kwa ajili yake yeye, aliyekaa ndani ya mtumbwi ule akimchangamsha mtoto huku akijua. Nilidhani nimembeba mama yangu kuvuka maji. Kumbe yeye ndiye aliyenibeba, mimi na uongo wangu. Alinivuta nikalaza kichwa kwenye mapaja yake, kwenye kitenge kile alichopenda baba, na yeye hakulia bado.

"Sasa niambie," alisema. "Vile walisema. Usipunguze kitu."

Nikamwambia. Wafanyakazi wa meli wanatangaza kwa masikitiko. Jina la baba, na la baba yake. Homa ya siku chache. Karibu na ukuta, upande wa mto. Mke wake na watoto wake wajulishwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nianze tena. Nilisoma mara tatu, idadi ile ile ambayo redio ingesoma.

Baba mkubwa alipata habari ya kifo baadaye kupitia kwa wavuvi. Tuliporudi Uvira, vita vimetulia, alikuja kutusalimia, akamkumbatia mama. Mimi alinishika mkono akauachia, na hakuniuliza kitu mpaka alipokufa. Ningependa angeniuliza.

Siku ile Buyenzi chakula kilipoletwa, wali ulikuwa sahani mbili. Harufu yake ilijaa chumba, harufu ya mpunga wa Luberizi, na mdogo wangu akauliza kama papa atakuja kula. Mama alimsogeza karibu yake, akanawa mikono. Alikula wali wa shemeji yake bila chumvi, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaisha.